Vitunguu vya Mama Kemunto

Savage, Minnesota
14 Oktoba 2024

Kwa jirani yangu wa nyumba ya kijani,

Hatujuani. Mimi ni Kemunto, wa nyumba ya kulia kwako, ile yenye mapazia meusi yaliyofungwa mchana kutwa. Usiogope mapazia hayo. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi usiku huko Eden Prairie, na mchana nalala. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu Jumapili iliyopita nilisikia kwaya ikiimba Kiswahili jikoni kwako, na kwa sababu nikikasirika Kiingereza hunikimbia.

Nina neno moja tu: kindi.

Wiki iliyopita nilipanda vitunguu vya tulipu kandokando ya njia ya kuingilia kwangu. Nilichimba mwenyewe, na mgongo haujaniacha mpaka leo. Asubuhi ya pili nikirudi kutoka kazini nilikuta mashimo na maganda yametapakaa kama baada ya harusi, na kindi mmoja mnene amekaa kwenye ngazi yangu, ameshika kitunguu changu kwa mikono miwili, anakitafuna huku ananitazama usoni. Hakukimbia. Mimi ndiye niliyerudi nyuma.

Nikajiuliza wananenepa hivi kwa nini. Ndipo nikaona maganda ya karanga kwenye ngazi zako, mengi ya kujaza debe. Jirani, unawalisha! Wakishiba karanga kwako wanakuja kuziteremsha kwa vitunguu vyangu.

Naomba uache. Vitunguu hivi ni vya maana kwangu, na sina haja ya kueleza zaidi ya hapo.

Ni mimi jirani yako,
Kemunto


Savage, 16 Oktoba 2024

Mama Kemunto, bonjour na salamu nyingi,

Barua yako niliikuta mlangoni nikitoka kazini. Kwanza nilifurahi. Miaka miwili niko hapa, na sikujua kama ng'ambo ya ua kuna mtu wa Kiswahili. Mimi ni Euphrasie, wa Uvira, Kongo. Ninakaa na papa yangu, mzee Ntwali. Yeye ni mzee sana, hatoki nje. Mimi ninatoka alfajiri kwenda usine, kiwanda cha kufungasha chakula, narudi jioni wewe ukiwa umeshaondoka. Donc, ndiyo maana hatujakutana. Bwana wako nilimwona zamani akiosha gari, tukapungiana mkono. Umsalimie.

Karanga ni mimi, pardon. Ni mazoea tu ya kuwatupia. Nitaacha.

Barua yako nilimsomea papa kwa sauti, maana anapenda sana barua. Alisikitika. Papa alikuwa mkulima wa vitunguu katika bonde la Ruzizi, miaka mingi. Anauliza ni nani alikudanganya kupanda vitunguu mwezi wa kumi? Anasema baridi ya huku itaviua vyote, hata kindi wasipovigusa. Eti ving'olewe mapema. Unisamehe, ni maneno yake. Akishalishika neno, analirudia siku nzima.

Mungu akulindie vilivyobaki.

Euphrasie


Savage, 26 Oktoba 2024

Dada Euphrasie,

Mwambie mzee wetu kwa heshima zote kwamba si vitunguu vya kula. Ni vya maua. Vinapandwa kabla ya baridi, vinalala chini ya theluji, na mwezi wa tano vinachanua. Ndivyo vilivyoumbwa. Si mimi niliyepanga.

Sasa sikiliza yaliyonipata, labda utacheka. Mimi bado sijaanza kucheka.

Nilisoma kwamba kindi hawapendi pilipili, nikanyunyiza mfuko mzima. Upepo ukageuka. Nilikwenda shifti macho mekundu, msimamizi wangu akanivuta kando kuniuliza nani kanifanyia nini. Usiku huohuo mvua ikanyesha, ikaosha pilipili yote, kindi wakaja kula vitunguu vilivyooshwa.

Dukani wakaniuzia unga wa damu ya ng'ombe. Kweli kindi walikimbia. Aliyekuja ni mbwa wa Brandon, yule kijana wa ng'ambo ya barabara. Alijigaragaza kwenye damu ile kwa raha zake, kisha akafukua kona nzima. Brandon aliomba msamaha akiwa anapiga picha.

Nikaenda kwa kinyozi kuomba nywele, kwa sababu eti kindi akisikia harufu ya binadamu anaogopa. Kindi wa hapa haogopi binadamu mwenyewe, ataogopa nywele zake? Walizibeba kutengenezea viota. Sasa kuna nywele za waumini wa kanisa letu juu ya kila mti wa mtaa huu.

Mwisho nikanunua wavu wa waya, ule wa mabanda ya kuku. Nikautandaza juu ya udongo wote, nikaupigilia vigingi, nikaweka mawe juu. Hapo kindi walishindwa. Nilimwona mmoja anavuta waya kwa meno mpaka akakata tamaa, nikasema asante Yesu.

Juzi jioni natoka kwenda kazini nakuta vigingi vimeng'olewa, waya umekunjwa vizuri kama shuka, na mawe yamepangwa kwenye mstari mmoja kando. Mstari wa vitunguu ulio upande wako hauna kitu. Hakuna ganda wala chembe. Udongo umerudishwa na kusawazishwa. Dada, kindi gani huyo anayekunja waya?

Na maganda ya karanga bado nayaona kwenye ngazi zako.

Kemunto


Savage, 29 Oktoba 2024

Mama Kemunto,

Karanga nimeshaacha, nakuapia. Hayo maganda ni ya zamani, ni upepo unayasogeza.

Kazini wanasema huyo si kindi, ni rakuni, yule mnyama mwenye barakoa usoni. Ana vidole kama mtu na anafungua hata mapipa ya taka. Vraiment, mimi namwogopa kuliko kindi.

Nilimweleza papa kwamba vitunguu vyako ni vya maua. Alicheka sana. Akasema amekishika kitunguu maisha yake yote na anajua kitunguu. Kila jioni ananiuliza, "Yule mama amekwisha kuving'oa? Baridi inakuja." Namwambia ndiyo, papa, amekwisha, ili alale.

Euphrasie


Savage, 11 Novemba 2024

Euphrasie,

Nimechoka. Mistari mitano imekwisha, umebaki mmoja. Kila ninapofunga waya, kesho yake nakuta umekunjwa. Nimeongeza vigingi, nimefunga kwa nyaya za plastiki, nyaya zimekatwa. Rakuni hatumii mkasi.

Asubuhi ya leo nimekuta karanga mbichi kwenye ngazi zako, bado hazijaguswa. Upepo hauleti karanga nzima. Kwa hiyo ulinidanganya, na mtu anayedanganya kuhusu karanga sijui anadanganya kuhusu nini kingine.

Nimeiandikia kamati ya mtaa. Joan, mwenyekiti, atakuja kuzungumza nawe kuhusu kulisha wanyama. Na kesho nafunga kamera mlangoni kwangu. Kama kuna mtu anaingia kwangu nikiwa nimelala, nitamjua.

Kemunto


Savage, 14 Novemba 2024

Madame Kemunto,

Joan wako alikuja. Alikuja mchana, mimi niko usine, akagonga na kugonga mpaka papa yangu akafungua. Sijui aliambiwa nini, kwa sababu papa hajui Kiingereza. Nilimkuta jioni amejificha nyuma ya mashine ya kufulia, anasema askari wamekuja kutuhamisha tena. Unajua sisi tumehamishwa mara ngapi katika maisha yetu? Hujui. Wewe unajua maua.

Nimepewa na barua ya onyo. Asante.

Nilikuja nchi hii nikidhani mtu akisikia lugha yangu atakuwa ndugu. Wewe umenifanyia jambo ambalo hata Wamarekani wa mtaa huu hawajanifanyia. Hata bwana wako simwoni tena nje. Labda naye amechoshwa na hasira zako.

Usiniandikie tena.

Euphrasie


Savage, 21 Novemba 2024, jioni

Euphrasie,

Ulisema nisikuandikie. Soma hii mpaka mwisho, kisha uje kwangu hata kama ni usiku wa manane. Leo sikwenda kazini.

Nimeamka jioni nikaangalia kamera. Saa nne asubuhi, theluji ikianguka, alipita mzee mmoja. Alivaa koti la suti juu ya nguo za kulalia, na ndara. Hakuwa na kofia wala glovu. Alipiga magoti penye maua yangu, akaondoa mawe moja moja akiyapanga pembeni, akakata nyaya kwa mkasi wa jikoni, akaukunja waya. Akachimba kwa kijiko. Kila kitunguu alikipangusa kwa kidole, akakipuliza, akakitia mfukoni. Alipomaliza alirudisha udongo, akausawazisha kwa kiganja, halafu akapanda ngazi zangu na kuuambia mlango uliofungwa: "Mama, nimekusaidia. Baridi imefika." Akaweka konzi ya karanga pale kwenye ngazi, pengine malipo ya kuingia shambani kwangu bila ruhusa, mimi sijui.

Kisha hakuelekea nyumbani kwenu. Alikwenda upande wa barabara. Alisimama kwenye kona ya mtaa muda mrefu, magari yanampita, akitazama huku na huku. Mtu wa posta ndiye aliyemshika mkono na kumrudisha.

Mimi nilikuwa nimelala hatua chache kutoka pale. Muuguzi mzima.

Uliniambia hatoki nje. Kumbe karanga ni zake, si zako, na kila siku uliyoniandikia ulikuwa unamficha. Ungeniambia! Mimi nawahudumia wazee wa namna hii, nawajua. Mtu kama huyo haachwi peke yake kuanzia alfajiri mpaka jioni, Euphrasie. Leo ni theluji laini. Januari ni barua ya rambirambi.

Na sheria ya kazi yangu inanitaka nipige simu serikalini nikiona jambo kama hili. Nakuambia kabla sijapiga kwa sababu wewe ni binti yake.

Kemunto


Savage, 22 Novemba 2024

Mama Kemunto,

Nilikuja mpaka mlangoni kwako jana, nikainua mkono kugonga, nikashindwa. Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitalia tu.

Ndiyo. Papa anasahau, mwaka wa pili sasa. Jina langu analijua asubuhi, jioni ananiita kwa jina la mama yangu. Mlango nilikuwa nafunga kwa nje, nikaogopa moto, nikaacha kufunga. Namwachia chakula kwenye meza na nyimbo za kwaya kwenye simu ya zamani. Nilikuwa najiambia anasikiliza nyimbo mpaka nirudi. Nilijua karanga zinaisha, nilijua viatu vyake vina udongo. Sikutaka kujua zaidi.

Kaka yangu Jeremiah, yuko Ohio, anataka nimpeleke papa kwenye nyumba ya wazee. Nilikwenda kuangalia moja. Safi, wazuri, wanacheka. Lakini Mama Kemunto, Kiingereza chake kidogo kimekwisha kabisa. Wakimpeleka kule, ni nani atamwambia habari za asubuhi akaelewa? Atakaa na watu arobaini, na atakuwa peke yake. Ndiyo maana nilinyamaza. Ukipiga simu watamchukua, na mimi sitaweza kusema kwamba wamekosea.

Vitunguu vyako nimetafuta chini ya kitanda, kabatini, kwenye friji. Sijaviona. Nimemuuliza, anasema ameviweka mahali pazuri. Mahali gani, papa? Mahali pazuri.

Pardon. Kwa yote.

Euphrasie


Savage, 23 Novemba 2024

Euphrasie,

Nilipiga simu. Usianguke, soma kwanza. Sikupiga ya kumshtaki mtu. Nilimpigia mfanyakazi wa ustawi wa jamii ninayemfahamu, nikasema familia inahitaji msaada, na ndivyo ilivyo. Mtu atakuja Jumanne. Nitakuwepo, nitakutafsiria, na wewe hutasema "pardon" hata mara moja.

Kuna kituo cha wazee cha mchana hapa Burnsville wanakokwenda Wasomali, Wakenya na Wakongo. Wanapika wali, na wanazungumza Kiswahili mpaka cha kugombana. Wana nafasi siku tatu kwa wiki. Mimi Jumatatu na Alhamisi siendi kazini. Nitakuja kulala kwenye kochi lako badala ya kitanda changu. Usingizi ni usingizi. Mlango wako utafungwa kengele leo hii, Brandon anazo na amekubali kuifunga.

Bado nimekasirika. Nimekasirikia kindi, nimekukasirikia wewe, na Joan nimempigia nikamwambia maneno, naye atakuja kuomba radhi. Mzee peke yake ndiye siwezi kumkasirikia, na hilo ndilo linalonichosha zaidi.

Endelea kuvitafuta. Vitunguu, nasema.

Kemunto


Barua pepe
Savage, 9 Februari 2025

Mama Kemunto mpendwa,

Natumaini shughuli za familia huko Nyamira zinakwenda vizuri. Hukuniambia ni shughuli gani, nami sikuuliza. Theluji ya mlangoni kwako naiondoa kila ikianguka. Papa anauliza yule mama wa kochi amekwenda wapi. Namwambia Kenya. Anasema, "Kwa miguu?"

VIMEPATIKANA!

Jana nilikuwa napekua gereji kutafuta viatu vya papa. Nyuma ya magunia ya unga wa muhogo kuna sanduku letu la safari, lile tulilokuja nalo kutoka kambini. Nikalifungua. Mama, vyote alivyochimba vimo. Amevifunga katika magazeti, vikubwa peke yao, vidogo peke yao, havina hata chembe ya udongo. Gereji yetu ni baridi lakini haigandi, na hakuna kilichooza. Vingine vimeanza kutoa ncha ndogo ya kijani.

Nilichukua kimoja kuingia nacho jikoni, nikaanza kukimenya nikione ndani. Papa aliniona akanipokonya kisu. Alikuwa mkali kama zamani nikiwa mtoto. "Hivi ni vya mama jirani," akasema. "Ni mbegu yake. Mbegu ya mtu haipikwi."

Nivifanye nini? Nivilete ndani kwenye joto?

Euphrasie wako


Barua pepe
Nyamira, Kenya
11 Februari 2025

Euphrasie,

Usivilete ndani! Viache palepale kwenye baridi, funga sanduku vizuri panya wasiingie, na umwambie mzee asante kutoka kwangu. Vinahitaji baridi ndipo vichanue. Alivyoviweka ni sawasawa, ingawa sababu zake zilikuwa nyingine.

Sasa nikuambie shughuli. Jana tumeweka jiwe kwenye kaburi la mume wangu, Dominic. Ndiye yule uliyepungiana naye mkono akiosha gari. Alikufa Agosti, moyo, akiwa kazini. Tulimleta huku kumzika, mimi nikarudi Savage peke yangu, nikafunga mapazia.

Mwezi wa kumi nilirudi kutoka kazini asubuhi nikakuta boksi mlangoni lina jina lake. Ndani vitunguu mia moja vya tulipu na karatasi ya maagizo. Aliviagiza Juni, na kumbe wenye duka huvituma wakati wa kupanda ukifika. Hakuniambia. Dominic hakuwa mtu wa maua hata kidogo, Euphrasie. Sukumawiki yenyewe ilimshinda, aliinyeshea mpaka ikafa. Kwa nini tulipu? Alitaka kunishangaza? Aliona kwa mtu akapenda? Boksi lilisema ni mchanganyiko, halikutaja rangi. Nilitaka tu nione alichagua nini. Ndiyo maana niligombana na kila kiumbe chenye mkia.

Uliwahi kuandika kwamba labda bwana wangu amechoshwa na hasira zangu. Hukujua, na sikukupa nafasi ya kujua. Nakuambia sasa kwa sababu mtu aliyeviona vitunguu hivyo na kuvipata anastahili kujua ni vya nani.

Nitarudi mwisho wa mwezi.

Kemunto


Barua pepe
Savage, 11 Februari 2025

Kemunto, dada yangu,

Nimesoma nikiwa chumba cha mapumziko usine, na wenzangu wamedhani nimefiwa. Niliwaambia ndiyo.

Lile neno langu, sina pa kuliweka. Ningeweza ningelila. Nilipokuona hukujibu kuhusu bwana wako, nilifikiri una kiburi. Mungu anihurumie.

Sanduku nimelifunga kwa kamba. Papa nimemwambia. Akauliza jina la marehemu. "Dominic," nikasema. Akasema basi tutamlindia mbegu yake. Kesho atakuwa amesahau, lakini leo amesema.

Rudi salama.

Euphrasie


Savage, 23 Aprili 2025

Euphrasie,

Nakuachia hii mezani kwa sababu naingia shifti kabla hujarudi.

Ardhi imelainika, tumepanda leo. Mzee alisimamia. Alikataa kina nilichochimba, akakataa na nafasi, akasema mimi napanda kama mtu anayefukia pesa. Nikamwachia kijiko. Ncha za kijani anazielekeza juu kwa upole kama anamvisha mtoto kofia.

Safari hii nimemaliza mchezo na kindi. Nusu tumepanda ardhini, na waya nimeufukia chini ya udongo, si juu, ili majani yapenye matunduni na mkono wa mtu yeyote usiukunje, umenielewa. Nusu tumeweka kwenye mapipa mawili kwenye ngazi yangu, na wavu umefungwa juu yake. Brandon ametupa ruhusa tuwalishe karanga huko nyuma kwake, mbali. Mzee huenda naye kila jioni, na yule mbwa anawafuata. Mbwa amepata kindi wa kufukuza, mzee amepata kindi wa kulisha, kindi wamepata mazoezi.

Karatasi inasema vikipandwa sasa vinaweza visichanue mwaka huu. Nimejiandaa. Yaani, najidanganya kwamba nimejiandaa.

Kemunto


Savage, 2 Juni 2025

Euphrasie,

Mzee amelala kwenye kochi, ninaandika polepole ili kalamu isimwamshe. Leo acha nikueleze siku yote, maana ulituacha bado machipukizi yamefumba.

Saa mbili asubuhi yalianza kufunguka, ya mapipani kwanza. Euphrasie, ni zambarau. Zambarau iliyokolea, karibu nyeusi, na mengine ya rangi ya chungwa yenye ncha kama moto. Rangi ambazo hazipatani kabisa! Mtu mwenye macho hawezi kuzichagua pamoja. Nilicheka kwa sauti pale ngazini, kwa sababu hizo ndizo rangi za tai alizokuwa akivaa Dominic kanisani nikimsihi abadilishe. Basi swali langu la kwa nini halijajibiwa, lakini hakika ni yeye aliyechagua.

Si yote. Pengine theluthi moja ndiyo imechanua, mengine ni majani matupu. Nikaingia ndani kuchukua simu nipige picha. Kutoka, kindi amekalia pipa. Nilikuwa nimeutoa wavu asubuhi ili maua yapumue. Amekata vichwa viwili, wala hali, anavidondosha chini kimoja kimoja na kunitazama. Nilimrushia ndara. Nikamkosa, nikampata Joan aliyekuwa akipita na barua za kamati. Hilo nitakusimulia tukikutana.

Kelele zangu zikamtoa mzee nje. Alikuwa na kofia yake na viatu vyake, mlango ukilia kengele nyuma yake. Akasimama mbele ya yale maua muda mrefu, mikono nyuma. Akainama, akagusa shina moja. Uso wake ukasawijika.

"Mama," akaniambia, "pole sana."

"Pole ya nini, mzee?"

"Vyote vimetoa maua." Alitikisa kichwa kama mtu aliyeona shamba zima limeliwa na nzige. "Kitunguu kikishatoa maua hakifai tena. Kinakuwa kigumu. Umefanya kazi bure, mwanangu. Pole. Pole sana."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Tangu Agosti nimepewa pole na kanisa, na wenzangu wa kazini, na kadi zenye picha za njiwa, na jamaa waliosafiri siku mbili kuja kuisema. Zote nilizijibu "asante" kama ninavyojibu simu wodini. Hii ya leo sikuweza kuijibu. Nilikaa chini ngazini nikalia kwa sauti, mchana kweupe, watu wanapita. Mzee akakaa kando yangu naye akalia, kwa ajili ya vitunguu, machozi ya kweli kabisa. Joan alirudisha ndara, akaiweka chini taratibu, akaondoka kwa ncha za vidole.

Tulipomaliza, akanipangusa uso kwa kofia yake, akasema mwaka ujao tutaving'oa mapema.

Amekula nusu ya wali, nusu iko kwenye friji. Dawa ya jioni amekunywa. Ukirudi atakuonyesha hasara ilivyo kubwa. Nakuomba, usimwambie tena kwamba ni maua.

Kemunto